Nzuri ya Kwanza

Sisi tuliokulia Kilburn kabla ya simu za kupangusa tunajuana hata tukipishana kwa migongo. Kwenye kituo cha basi ni sisi tunaowaangalia watu usoni, maana ndivyo tulivyozoea, hapakuwa na kingine cha kuangalia. Mwanangu Leyla ananiambia nikiendelea hivyo ipo siku mtu ataniitia polisi. Mwacheni. Ana miaka kumi na sita na anaamini dunia ilianza siku aliyonunuliwa chaja.

Nilifika London nikiwa na miaka tisa, mimi na Mama, kutoka Tanga. Baba alikuwa Maskati kikazi, na kutoka huko alituma salamu zaidi ya kitu kingine chochote. Tukapanga ghorofa ya tatu kwenye fleti moja kuukuu nyuma ya barabara kuu ya Kilburn, pale ambapo ukifungua dirisha unapokea harufu ya mkate, moshi wa mabasi na sigara za mzee wa chini, vyote kwa pamoja. Lifti haikuwepo. Taa ya ngazi ilikuwa ya kubonyeza. Unabonyeza, inawaka, unapanda mbio, na ukizembea inazimika ukiwa katikati, unamalizia kwa kupapasa ukuta. Mita ya umeme ilikuwa kabatini, ya kulishwa sarafu, nayo ilikuwa na njaa isiyoisha. Ikizima, Mama alikuwa akiitukana gizani kana kwamba ina masikio.

Maana Mama yangu, nisemeje, ni mgombaji. Alikuwa na bado ni. Aligomba na mita, aligomba na baridi, aligomba na kastadi ya shuleni ambayo hata hakuwahi kuionja, kwa nilivyomsimulia tu inavyomwagwa juu ya kila kitu. "Saumu, koti lenye maji haliwekwi juu ya kiti! Kiti hicho kamba ya kuanikia?" Hiyo niliisikia kila siku ya mvua, na mvua ya London mnaijua wenyewe. Alikwenda kusafisha maofisi alfajiri, akirudi anagomba, anapika anagomba, na katikati ya kugomba anaimba nyimbo za harusi. Nyumba ilijaa.

Kwenye ua wa saruji tulicheza rede kwa mpira wa soksi. Watoto wa Kiairishi wa jengo la pili walikuwa na mpira wa kweli, lakini hawakuuachia ovyo. Tukawafundisha kombolela, wakaipenda mpaka wakaanza kudai ni yao. Jumamosi Mama alinipeleka kwa basi mpaka Kingsbury, kwenye maduka ya Wahindi, kununua bamia, dengu na unga wa chapati. Palikuwa na mzee mmoja wa dukani aliyezaliwa Mombasa, akimwona Mama tu anaita, "Karibu dada, leo mchicha umefika!" Na Mama, ambaye wiki nzima alikuwa akiongea Kiingereza cha kuokoteza, alikuwa akisimama pale akibishana bei ya mchicha kwa raha zake zote. Leo Leyla anagusa kioo, mchicha unakuja mlangoni, na mtu aliyeuleta hata jina hana.

Shuleni sisi wageni wa lugha tulikuwa na chumba chetu kando ya jiko, kinanuka kabichi. Mwalimu wetu tulimwita Miss, kama walimu wote, mwanamke wa Kiairishi mwenye sauti ya kubembeleza. Ilipofika Novemba, saa kumi alasiri nje kumeshafifia na sisi watoto wa nchi za jua tumenyong'onyea, Miss akaamua kutufundisha giza. Alisimama kando ya dirisha akavuta pazia kidogo, akasema "dusk". Magharibi hiyo, tukaelewa. Akavuta zaidi, "dim". Mwanga hafifu, unaliona umbo la mwenzio lakini humtambui. Zaidi, "dark". Kisha akalifunga lote na kuzima taa, "pitch-black", giza totoro, na sisi tukapiga mayowe ya furaha. Halafu, na hili ndilo sijalisahau, alitutaka tuyarudie maneno yote kinyumenyume huku akilifungua pazia, hatua kwa hatua, mpaka mwanga urudi. Hakuruhusu mtoto aende nyumbani ameachwa kwenye neno la mwisho.

Wiki iliyofuata akaleta huzuni kwa mpango uleule, safari hii kwa uso wake. "Low", moyo umeshuka kidogo. "Sad", huzuni yenyewe. "Miserable", huzuni ya mtu aliyelowa mpaka soksi. "Heartbroken", moyo umevunjika. Tulishuka naye mpaka chini, tukapanda naye mpaka juu. Na katikati ya makundi hayo mawili akaliweka "gloomy", akasema hili linakaa pande zote, Waingereza wanalisema kwa anga lililojaa mawingu na wanalisema kwa mtu mwenye majonzi. Nililipenda. Nikatembea nalo mdomoni njia nzima ya kurudi nyumbani.

Mwalimu wa kweli hufundisha hata akiwa hayupo. Mimi nilikuwa nikirudi tu naanzisha shule yangu kwenye ngazi za fleti. Wanafunzi walikuwa wadogo wa majirani, fimbo yangu ilikuwa mwiko wa Mama, na nilikuwa mkali kuliko walimu wote wa London. Siku moja akaja mwanafunzi mtu mzima. Alikuwa Anti Fang wa ghorofa ya pili, chini yetu, Mchina kutoka kaskazini kwao huko kwenye baridi kali. Yeye na mumewe walifanya kazi jikoni kwenye mgahawa. Alikaa kwenye ngazi na aproni yake, akapakata mikono, akaniambia, "Teacher, I learn." Nikajibu bila haya hata kidogo, "Chelewa tena uone."

Tulikuwa tukimjua kabla ya hapo, na tulikuwa hatumwelewi. Kila alipokutana na Mama kwenye ngazi alimuuliza, "You eat already?" Umeshakula? Mama akaniambia, "Masikini, mwanamke yule ana njaa na anaona haya kuomba." Akanipa sahani ya pilau nimpelekee. Anti Fang akashangaa, akapokea kwa mikono miwili. Kesho yake sahani ikarudi imejaa vitumbua vyao vya kuchemsha, vya nyama ndani, vimefinywa kingo kama masikio. Mama akanituma kuuliza nyama gani, maana nguruwe hatuli, na Anti Fang alipoelewa akatia mayai na majani ya vitunguu, na tangu hapo hakuwahi kuweka kingine. Ilichukua muda sana mpaka tukajua kwamba kwao "umeshakula" ni salamu tu, kama sisi na "habari". Wakati huo sahani ilikuwa imeshapanda na kushuka ngazi zile mpaka ikawa haina mwenyewe. Kwetu sahani hairudishwi tupu, na kumbe kwao pia.

Basi nikamfundisha Anti Fang giza na huzuni, kama nilivyofundishwa. Pazia hatukuwa nalo, lakini tulikuwa na taa ya ngazi inayozimika yenyewe. "Gloomy" ilimtoka "gu-lumi", na Mama akisikia kutoka juu akasema hivyo ndivyo inavyosemwa, kwa sababu na yeye alilitamka vivyo hivyo. Anti Fang alikuwa mwanafunzi wa kung'ang'ania. Neno likimshinda analirudia mpaka ngazi za chini. Siku moja akachovya kidole kwenye chai akanichorea kwenye ngazi namna wanavyoandika huzuni kwao. Juu akachora majira ya majani kupukutika, chini akachora moyo. Majira hayo yakikaa juu ya moyo, ndiyo huzuni. Nikamwambia Kiingereza atakimaliza mapema, maana kichwa kinachoandika namna hiyo hakishindwi na "miserable".

Halafu ikapigwa simu kutoka Tanga.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Mama alikuwa anakanda unga, akanyanyua simu kwa mkono mmoja na kuniinamishia nami nisikie, kwa kuwa ni Mjomba. Salamu zikaenda kama ziendavyo. "Hujambo dada?" "Sijambo." "Habari za huko?" "Nzuri." "Saumu?" "Mzima, huyu hapa ananitolea macho." "Na baridi?" "Tumeshaizoea. Habari za Tanga?" "Nzuri. Nzuri kabisa." Kisha Mjomba akaendelea. "Ila Mama hatunaye. Tumemzika jana alasiri."

Nikiwasimulia watu wa huku wanashtuka. Nzuri kabisa, halafu msiba? Ninyi wenzangu mnajua. Kwetu nzuri haitoi habari. Inafungua mlango tu, na mgeni anatakiwa aingie ndani. Bibi huyohuyo aliyezikwa ndiye aliyenitia hilo kichwani, kwa ukali wake. Nikiwa na miaka saba alinituma kwa jirani yetu mgonjwa nikamjulie hali. Nikaenda mbio nikarudi mbio, "Bibi, anasema nzuri." Bibi akaacha kupepeta mchele akanitazama. "Umeondoka kwenye nzuri ya kwanza? Rudi! Kakae kitako, uulize tena." Nikarudi nimenuna, nikakaa, nikauliza ya nyumbani, nikauliza ya watoto, nikauliza ya usingizi, ndipo mwanamke yule akaniambia hajanywa maji tangu asubuhi kwa kuwa hawezi kusimama.

Mama aliweka simu chini, akarudi kwenye unga wake. Akakanda. Akasukuma chapati, akazichoma, akaniita kula. Hakulia. Kwenda Tanga hakuweza, maana makaratasi yetu yalikuwa hayajakamilika, na angetoka asingeruhusiwa kurudi. Kwetu mtu akifiwa viti vinatolewa nje, mikeka inatandikwa, wanawake wanalala pale siku zote za matanga, hakuna anayemwacha mfiwa peke yake hata dakika. Kilburn nani angetandika mkeka? Waswahili tuliowajua walikuwa wachache, wametawanyika jiji zima, kila mmoja na zamu yake. Walipiga simu. "Makiwa." "Tunayo." Mmoja alikuja na sufuria ya wali, akakaa mpaka simu ya kazini ilipomwita.

Na Jumatatu Mama akaenda kazini. Akarudi, akapika, akalala. Na hakugomba. Hapo ndipo nilipoogopa. Niliweka koti lililolowa juu ya kiti, akalitazama, akapita. Mita ikazima akaenda kuilisha kimya. Siku zikaendelea hivyo, nyumba imetulia mpaka nasikia bomba la jirani. Mwalimu alipomuuliza shuleni "How are you?" alijibu "Fine." Daktari alipomuuliza kwa nini amekonda alijibu "Fine, thank you." Wazungu wakasikia fine wakaridhika, wakaandika fine. Mimi nilijua ile ni nzuri ya kwanza, na hakuna hata mmoja wao aliyekaa kitako. Nilikuwa mtoto, lakini nikaapa. Mama yangu mgombaji lazima arudi, na kama matanga hayaji yenyewe, nitayaleta mimi.

Anti Fang alinisikiliza kwenye ngazi nilipomweleza. Akavua aproni. Akaniambia nimpe maneno yote upya, leo ayaweke sawasawa. Akayarudia na kuyarudia, na jioni akapanda kwetu amevaa nguo nyeusi, amebana nywele, ameshika bakuli la supu. Akasimama katikati ya sebule kama mtu anayetoa ushahidi. "Mama Saumu," akasema, "I am sad. House is gloomy. You are heartbroken." Kila neno likatoka kamili, hata "heartbroken", nikataka kupiga makofi.

Mama akainuka haraka, kwa adabu zake za Tanga. "No, no. Fine! I am fine, thank you. Sit, drink tea."

Uso wa Anti Fang ukabadilika. Akaweka bakuli, akainamisha kichwa, akaondoka. Chai hakunywa. Nikamfuata mbio, nikamkuta ameshafika mlangoni kwake. "Your Mama is fine," akaniambia. "Very strong. I say wrong thing. I disturb her." Kwao, mtu akikwambia yuko sawa halafu ukaendelea kumchokonoa, umemvunjia heshima. Alikuwa amemheshimu Mama kabisakabisa, na heshima ile ndiyo iliyomtoa mlangoni.

Nilikaa kwenye ngazi nikalia kwa hasira. Nilikuwa nimemfundisha Anti Fang maneno yote ya huzuni na nimesahau kumfundisha Waswahili. Taa ikazimika. Nikainuka, nikaibonyeza kwa ngumi, nikagonga kwake tena.

"Hiyo ni nzuri ya kwanza," nikamwambia, kwa Kiingereza changu cha darasa la kabichi. "Kwetu mtu akisema fine bado hajajibu. Unauliza tena. Unauliza kazi, unauliza watoto, unauliza baridi. Na unakaa chini. Ukisimama hawezi kukuambia, anajua unaondoka."

Akafikiri. "Ask how many times?"

"Mpaka iishe."

Tukafanya mazoezi palepale mlangoni, mimi nikiwa Mama. Jamani, mwanzoni alikuwa balaa. Aliuliza haraka haraka, jicho limemtoka, kama askari wa uhamiaji. Nikamwambia taratibu, Anti, uliza kama mtu asiye na safari. Akacheka, akarudia. Mumewe alichungulia kutoka jikoni, akatuona mimi mtoto wa miaka kumi nimekaa sakafuni nikijibu fine, fine, fine, na mkewe akiniuliza habari za mkwe wangu. Akarudi ndani.

Jumapili yake, Anti Fang hakuwa na kazi. Mimi niliamka na jambo langu. Nikasukuma viti vyetu vyote ukutani, kimoja kikiwa bado na koti langu lililolowa, nikautoa mkeka wa Tanga nyuma ya kabati, nikautandika sebuleni. Mama akatokea mlangoni pa jikoni. "Unatandika nini?"

"Mkeka."

"Wa nini?"

"Anti Fang anakuja kukaa."

Akautazama mkeka, akavitazama viti. Nilisubiri anigombeze kwa kuburura viti, na wallahi nilitamani. Akarudi jikoni akabandika chai.

Anti Fang aliingia, akavua viatu, akakaa mkekani miguu ameikunja upande, namna nilivyomwonyesha. Mama hakuwa na njia, mgeni akikaa chini na wewe unakaa. Wakawa pale wawili, chai katikati.

"How are you?"

"Fine."

"How is work?"

"Fine, thank you."

"How is Saumu?"

"Fine. Naughty."

Anti Fang akanywa chai. Hakuinuka. Nje kulishaanza kufifia na hakuna aliyewasha taa. Mimi nilikuwa nimejibanza kando ya mlango, nimeuma kucha zote.

"How is cold?"

Mama akaguna. "Cold," akasema, "is bad." Akatikisa kichwa. "Very bad. Bad, bad."

Nikashika ukuta. Fine zilikuwa zimekwisha.

Anti Fang akasogea mpaka goti lake likagusa la Mama. Akauliza taratibu, kama mtu asiye na safari, "How is Mama in Tanga?"

Mama alifungua mdomo kujibu, na neno la Kiingereza halikuja. Likaja la kwetu. "Wamemzika bila mimi," akasema. "Mama yangu. Wamemzika bila mimi, sikumwosha, sikumwona, niko hapa nafuta meza za watu." Akaangua kilio. Nilikuwa sijawahi kumsikia mtu mzima akilia hivyo, kilio cha kutoka tumboni, na Anti Fang akamshika kichwa akamlaza mapajani mwake. Hakuniuliza Mama amesema nini. Na mimi sikutafsiri.

Alilia mpaka dirisha likawa jeusi. Na Anti Fang, akimpapasa mgongo, akaanza kuyasema maneno yangu, moja moja, na aliyasema kama Miss anapofungua pazia, kutoka chini kwenda juu. "Heartbroken," akasema. Baadaye, "miserable." Baadaye tena, "sad." Akamsimulia Mama, kwa vipande vya Kiingereza, kwamba yeye alifiwa na mama yake akiwa mdogo sana na dada yake mkubwa ndiye aliyemlea, akimbeba mgongoni kwenye barafu. Mama akaitika. Akajifuta kwa kanga. "Low," akasema Anti Fang, na Mama, ambaye hakuwahi kukanyaga darasa letu, akarudia nyuma yake, "Low."

Nikawasha taa. Mama akakaa vizuri, macho yamevimba, akazungusha kichwa kuitazama sebule yake kama aliyetoka safari. Jicho likasimama.

"Saumu! Nani ameweka koti lenye maji juu ya kile kiti?"

Nikalia mimi sasa. Anti Fang akauliza kwa wasiwasi, what she say, what she say? Nikamwambia, "She is fine, Anti. This one is the real one."

Ndivyo tulivyolelewa sisi. Hatukuwa bora kwa tabia, msinielewe vibaya, tulikuwa wachokozi na tulivunja vioo vya watu. Ila ilikuwa lazima upande ngazi. Ukitaka kumjua mtu anaendeleaje ulipeleka miguu yako na matako yako, ukakaa. Siku hizi mtu akifiwa mnamtumia kikatuni kinachotoa machozi mawili, naye anarudisha mikono iliyokutanishwa, matanga yamekwisha, kila mtu anaendelea na video yake. Namuuliza Leyla "Habari za shule?" napata "Fine," na mlango. Namfuata. Anaguna, anageuza macho, lakini namfuata, nakaa kwenye kitanda chake juu ya manguo yasiyokunjwa mpaka fine zimwishie. Ananiambia namnyima pumzi. Sawa.

Sasa tunaishi Thamesmead, mimi, Leyla na Mama, ambaye magoti yake yanalia kabla yeye hajalia. Anti Fang amebaki Kilburn, kwenye fleti ileile, mumewe alishatangulia. Wiki iliyopita simu ya Mama iliita tukiwa mezani. Alisikiliza, akaitika, akasema maneno mawili matatu, akakata. Akaanza kutafuta mtandio.

"Dada yake Fang amefariki, huko kwao," akasema. "Yule aliyemlea. Wameshamzika. Ananiambia nisije, ni mbali, magoti yangu mabovu. Ananiambia yeye yuko fine." Akanitazama. "Umesikia? Fine."

Leyla akatoa kisikilizio kimoja sikioni. "Can't we just video call her?"

"Simu inakaa mkekani?" Mama akamjibu. Kiingereza anakielewa chote anapotaka kugomba. "Nenda katoe mkeka nyuma ya kabati. Wewe ndiye utakayeubeba."

Jumapili mchana basi, tukatoka. Basi mpaka Abbey Wood, treni mpaka Bond Street, halafu treni ya chini ya ardhi mpaka Kilburn, na kila ngazi Mama anaitukana na kila ngazi anaipanda. Nilimwambia tupumzike, akasema atapumzika akifika. Leyla alibeba mkeka begani uso umemsawijika kwa aibu, akimgonga huyu na yule. Dada mmoja aliyekaa karibu akamuuliza kama ni wa yoga, akajibu ndiyo. Mama akataka kujua ameulizwa nini, hakuna aliyemwambia.

Ngazi za fleti ni zilezile. Taa siku hizi inawaka yenyewe ukikanyaga. Anti Fang alifungua mlango, mdogo zaidi ya nilivyomwacha, nywele nyeupe zote. Nyuma yake mapazia yalikuwa yamefungwa na saa nane mchana haikuwa imefika. Alitutazama watatu, na mkeka, na hakutukumbusha kwamba alisema tusije.

Mama akashika mwimo wa mlango, anahema. "How are you?"

Anti Fang alimtazama mzee mwenzake. Miaka yote hii ya sahani kupanda na kushuka, kuna maneno aliyoyaokota kwetu.

"Nzuri," akasema.

Leyla akanivuta mkono, akaninong'oneza kwamba si mnaona, yuko sawa, je tutaondoka sasa?

Mama alikuwa ameshaanza kuvua viatu. "Tandika mkeka, mwanangu," akamwambia. "Hiyo ni nzuri ya kwanza."